Maoni Yetu: Karani Ametia Sahihi, Mwuza Mitambo Je?

Kila mwaka, tarehe 1 Julai, Serikali huanza mwaka mpya wa hesabu, na wakubwa wetu huketi mezani wakatia sahihi karatasi iitwayo mkataba wa utendakazi. Waziri hutia sahihi, Katibu wa Wizara hutia sahihi, na mkurugenzi wa shirika naye hutia sahihi. Kisha karatasi hiyo hushuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie karani wa dirishani na mlinzi wa stoo, naye huambiwa: "Haya ndiyo mafungu yako. Mwisho wa mwaka utapimwa kwayo."

Hatukatai kupimwa. Mfanyi kazi anayejua kazi yake haogopi kipimo. Lakini katika afisi ile ile kuna karatasi ya pili, nayo haimfikii karani hata siku moja. Hiyo ni kandarasi ya kununua mitambo ya kompyuta ambayo karani huyo ataitumia. Imeandikwa na watu wengine, katika chumba kingine, kwa maneno mengine. Karatasi ya kwanza yasema mwananchi ahudumiwe upesi. Karatasi ya pili yasema mitambo iletwe, hesabu iletwe, malipo yatolewe. Karatasi hizi mbili hazijuani, na anayesimama katikati yao ni mfanyi kazi. Jambo hili ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa sababu laonekana kuwa jambo la wakubwa na wanasheria, kumbe ni jambo la mshahara wetu na jina letu.

Kwanza tukumbushane habari ilivyoanza. Mikataba ya utendakazi ililetwa Kenya baada ya mabadiliko ya Serikali ya mwaka wa 2002. Mwaka wa 2004 mashirika 16 ya Serikali yalikuwa ya kwanza kutia sahihi, na baadaye wizara zote zikafuata. Mwaka wa 2007 Umoja wa Mataifa uliipa Kenya tuzo kwa ajili ya mpango huo. Kwa upande wa pili, Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 227, yaagiza ununuzi wa Serikali uwe wa haki, wa wazi, wa mashindano na usiopoteza fedha. Sheria ya Ununuzi ya mwaka wa 2015 yaongeza kwamba kila afisi iandike mpango wake wa ununuzi wa mwaka, na isianze kununua kitu kabla ya kuhakikisha fedha zipo.

Kwa hiyo sheria ya kupanga kazi tunayo, na sheria ya kununua tunayo. Kinachokosekana ni uzi wa kuzishona pamoja.

Tazameni jinsi alama zinavyotolewa. Katika mkataba wa utendakazi kuna alama za kutumia fedha zote zilizotengwa, na siku hizi kuna alama za kutia huduma katika mtandao. Kila mmoja wetu ajua mwezi wa Juni ulivyo katika afisi ya Serikali. Fedha zisipotumika zarudi Hazina, na alama zapotea. Kununua kompyuta ni njia nyepesi ya kumaliza fedha, maana sanduku moja laweza kumeza fedha nyingi na risiti yake ni safi. Sanduku likifika stoo, alama ya fedha imepatikana. Huduma ikionekana mtandaoni, alama ya mtandao imepatikana. Lakini je, mjane aliyekuja kufuata malipo ya marehemu mumewe amelipwa kwa siku chache kuliko zamani? Je, mwenye shamba amepata karatasi yake bila kurudi mara nne? Mwuza mitambo hakuandikiwa maswali hayo popote. Yeye ameshalipwa na kwenda zake.

Hapo ndipo mzigo unapomwangukia karani. Shabaha yake yasema ahudumie watu kadha kwa siku. Mtambo ukikwama saa tatu asubuhi na kuamka saa nane, shabaha haikukwama. Foleni yafika nje ya lango, wananchi wamtukana yeye kwa kuwa uso wake ndio wanaouona, na mwisho wa mwaka karatasi yake yaandikwa kwamba amepungukiwa.

Msidhani kwamba twazungumza mambo ya kubuni. Tarehe 4 Machi 2013 nchi yetu ilipiga kura. Vifaa vya umeme vya kutambua wapiga kura vilikuwa vimenunuliwa kwa fedha nyingi, na asubuhi ile vikakwama katika vituo vingi, makarani wakarudia daftari la karatasi. Hakuna aliyekuwa hajui tarehe ya uchaguzi. Ilijulikana mapema kabisa. Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu yake mwaka huo huo ilisema kwamba kushindwa kwa vifaa kulitokana hasa na kutoelewana na kuvutana ndani ya Tume wakati wa kuvinunua. Yaani kosa lilifanyika mezani, miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Lakini aliyezomewa na foleni siku ile alikuwa karani wa kituo, aliyepewa kifaa kisichowaka na kuambiwa afanye kazi.

Tena tarehe 30 Juni 2023 Rais alizindua huduma zaidi ya 5,000 za Serikali katika mtandao wa eCitizen. Mwezi haukwisha kabla mtandao huo haujashambuliwa na wahalifu, na kwa siku kadhaa huduma zikayumba, hata ununuzi wa tiketi za gari moshi na wa umeme ukasumbuka. Kushambuliwa si ajabu. Hata benki kubwa za dunia hushambuliwa. Swali letu ni jingine: kandarasi ilisema nini juu ya siku ya kukwama? Nani atalipa? Karani afanye nini saa ile, atumie fomu gani, na shabaha yake ihesabiweje? Kila mkataba wa mtambo ungepaswa kuwa na ukurasa wa mambo hayo, na ukurasa huo ungepaswa kubandikwa ukutani ambapo kila mfanyi kazi auone.

Na sasa habari inayogusa mshahara wa kila mmoja wetu. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikaingia, na sasa asilimia 2.75 ya mshahara hukatwa. Mwezi ule wagonjwa wengi walingojeshwa hospitalini huku mtambo mpya ukisumbua, na makarani wa hospitali ndio waliotakiwa kujibu. Mwezi wa Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilitoka. Ilisema kwamba mtambo huo wa shilingi bilioni 104.8 ulipatikana bila mashindano, haukuwamo katika mpango wa ununuzi, na Serikali si mwenye mtambo. Wizara ilijitetea kwamba fedha hizo hazitolewi mara moja, bali hulipwa kwa kadiri huduma ya mtambo inavyotumika.

Tuwe waadilifu: kulipa kwa kadiri ya matumizi si jambo baya peke yake. Lakini twauliza, matumizi gani? Ikiwa mwuza mitambo alipwa kwa wingi wa michango na madai yanayopita mtamboni, basi yeye apata chake hata kama mgonjwa amelala kwenye benchi. Kama angalilipwa kwa kadiri ya wagonjwa waliopokewa bila kungojeshwa, na hospitali zilizolipwa kwa wakati, angalikuwa mtu wa kwanza kukimbia mtambo unapokwama. Hiyo ndiyo tofauti ya karatasi mbili zinazojuana na karatasi mbili zisizojuana.

Wanachama wengine watasema kwamba haya ni mambo ya nchi changa. Sivyo. Uingereza yenyewe ina kisa ambacho kila chama cha wafanyi kazi chapaswa kukijua. Kuanzia mwaka wa 1999 Posta ya nchi hiyo ilitia mtambo wa hesabu uitwao Horizon katika afisi zake ndogo. Mtambo huo ulikuwa na makosa, ukionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Sasa sikilizeni jinsi mikataba ilivyokuwa. Mkataba wa msimamizi wa posta ndogo ulimwajibisha kwa upungufu, na Posta ikamdai aulipe. Naye hakuwa na njia ya kuufungua mtambo aone ndani yake mna nini. Na sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta yafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe kinyume chake.

Matokeo yake, kufika mwaka wa 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa ushahidi uliotoka katika mtambo huo. Wengine walifungwa jela, wengine waliuza nyumba zao kulipa deni lisilokuwapo, wengine walifariki kabla majina yao hayajasafishwa. Watu 555 waliungana wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2019 jaji akasema wazi kwamba mtambo ulikuwa na kasoro. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka wa 2024 ili kuzifuta hukumu zile kwa pamoja. Kila mmoja wao alipoulizia peke yake aliambiwa kwamba yeye tu ndiye mwenye shida hiyo. Walipokutana ndipo walipojua kuwa ni wengi. Somo hilo hatuhitaji kulieleza kwa mwanachama wa chama.

Marekani walijaribu kulitibu jambo hili kwa sheria. Mwaka wa 1993 walitunga sheria iliyozitaka afisi za Serikali ziandike shabaha za kazi na kupimwa kwazo. Mwaka wa 1996 wakatunga nyingine, iitwayo Clinger-Cohen, iliyosema kwamba kompyuta isinunuliwe mpaka ijulikane itasaidia kazi gani ya afisi na kwa kipimo gani. Mkubwa wa afisi atakiwa ajiulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Je, kazi hii yapaswa kufanywa na Serikali? Je, yuko mwingine awezaye kuifanya vizuri zaidi? Na je, kazi yenyewe imekwisha kurahisishwa, au twataka kutia mashine juu ya mvurugo? Tena sheria ile ilishauri mitambo mikubwa inunuliwe kwa vipande vidogo, kila kipande kionekane chafanya kazi ndipo kifuatacho kinunuliwe. Wahenga wetu walisema hivyo zamani: haba na haba hujaza kibaba.

Swali la pili katika yale matatu tulitazame kwa jicho la mfanyi kazi, maana ndilo mlango wa kupeleka kazi zetu kwa makampuni. Lakini swali la tatu ni letu kabisa. Nani ajuaye mvurugo wa afisi kuliko karani anayepeleka faili ile ile kwa mabwana watano ili itiwe sahihi tano? Ukitia kompyuta hapo bila kupunguza sahihi, umenunua mvurugo wa umeme.

Wala sheria peke yake haitoshi. Marekani hao hao, tarehe 1 Oktoba 2013, walifungua mtandao wao wa bima ya afya, na siku ya kwanza watu sita tu waliweza kumaliza kujiandikisha. Wakaguzi wa Bunge lao walikuta kwamba usimamizi wa kandarasi ulikuwa dhaifu, na kandarasi kubwa ya mtandao huo ilikuwa imepanda kutoka dola milioni 56 hadi zaidi ya milioni 209. Sheria nzuri walikuwa nayo miaka 17. Walichokosa ni watu wa kuisimamia siku kwa siku, wenye ujuzi na wenye ruhusa ya kusema, "Bado, haijawa tayari."

Kwa hiyo Chama chetu chaweka mbele ya wakubwa wa Serikali na mashirika yake madai haya, nayo yataletwa katika mazungumzo ya mapatano yajayo:

1. Afisi isitangaze zabuni ya mtambo kabla ya kuandika katika mkataba wake wa utendakazi ni kazi gani itakayoboreka na kwa kiasi gani: siku ngapi za kutoa cheti, saa ngapi za kungoja, makosa mangapi.

2. Kipimo hicho hicho kiandikwe katika kandarasi ya mwuza mitambo, na sehemu ya malipo yake izuiwe mpaka kifikiwe. Mitambo mikubwa inunuliwe kwa vipande.

3. Saa za kukwama kwa mtambo ziandikwe rasmi, zitolewe katika hesabu ya shabaha ya mfanyi kazi, na zitiwe katika hesabu ya mwuza mitambo.

4. Mfanyi kazi asishtakiwe wala asikatwe mshahara kwa upungufu ulioonyeshwa na mtambo peke yake. Kumbukumbu za mtambo zifunguliwe, naye asikizwe pamoja na mwenzake au mwakilishi wa Chama, kama Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 isemavyo katika kifungu cha 41.

5. Habari zilizomo mtamboni ziwe mali ya umma, na wafanyi kazi wa Serikali wafundishwe kuuendesha, ili kandarasi ikimalizika tusiwe mateka wa kampuni.

6. Wafanyi kazi wa dirishani wasikizwe wakati wa kuandika sifa za mtambo, kabla ya zabuni kutangazwa. Na kama mtambo utapunguza kazi, Chama kiarifiwe mwezi mzima mbele, kama kifungu cha 40 cha sheria ile ile kinavyoagiza, wala tusiisikie habari hiyo redioni.

Twajua majibu tutakayopewa. La kwanza litakuwa kwamba Chama chaogopa mashine. Hilo si kweli. Nani miongoni mwetu apendaye kutafuta faili iliyopotea wiki tatu, huku nyongeza yake ya mshahara imo ndani ya faili hiyo hiyo? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta njema ni daftari kubwa. Twataka mashine inayofanya kazi.

La pili, watasema kwamba mwuza mitambo akitwikwa kipimo atapandisha bei. Huenda. Lakini gharama ya kukwama iko sasa hivi, ila yalipwa na wasioandikwa katika kandarasi: mwananchi aliyepoteza nauli na siku yake ya kibarua, na karani aliyekosa kupandishwa cheo. Heri gharama iandikwe juu ya karatasi ambapo Bunge na Mkaguzi wataiona. Na mtu asiyethubutu kuwekea dhamana mali yake, kwa nini tuinunue?

La tatu ndilo lenye uzito, na twalikubali kwa sehemu. Kipimo kibaya ni hatari. Ukimlipa mwuza mitambo kwa wingi wa watu tu, atajenga mtambo wa kuwasukuma watu nje, na karani atalazimishwa kuwasukuma pamoja naye. Kwa sababu hiyo twataka kipimo kitoke kwa mwenye shida: amepata alichokifuata au hakupata? Kwa siku ngapi? Na alichopata kilikuwa sahihi, au alirudishwa kesho? Upesi na usahihi vipimwe pamoja, kimoja kisile kingine. Na hapo ndipo wafanyi kazi wanapohitajika, maana wao ndio wanaojua vipimo vya kweli na vya kupakwa rangi.

Ndugu Wanachama, madai ya karatasi hayatoshi. Kuna kazi ambayo kila tawi laweza kuianza Jumatatu. Kila afisi iwe na daftari moja, na mwakilishi wetu wa kazini alitunze. Mtambo ukikwama, andikeni tarehe, saa uliyokwama, saa uliyoamka, watu waliokuwa wakingoja, na mkubwa aliyearifiwa. Msiandike matusi wala dhana, andikeni mlichokiona. Daftari la miezi sita lina nguvu kuliko hotuba kumi.

Pili, mtakapoletewa shabaha za mwaka ili mtie sahihi, someni kwanza. Shabaha ikitegemea mtambo, andikeni hivyo juu ya karatasi hiyo hiyo kabla ya kutia sahihi, na mbaki na nakala. Semeni mapema, kabla ya Julai, maana baada ya Julai mtaambiwa mlikubali.

Tatu, makatibu wa matawi watumie Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016. Afisi ya umma ikiandikiwa barua ya kuomba habari, yapaswa kujibu katika siku 21. Iulizeni: kandarasi ya mtambo huu yasema nini juu ya kukwama, mafunzo na malipo? Makao makuu ya Chama yatawasaidia kuandika barua hizo.

Asiyekuwapo na lake halipo. Mezani pa kupanga kazi hatukuwapo, mezani pa kununua mitambo hatukuwapo, na ndiyo sababu lawama zote zilipelekwa kwetu. Mwaka huu tunakwenda na daftari mkononi. Karani ametia sahihi yake miaka mingi na kupimwa kwayo. Sasa mwuza mitambo naye atie sahihi juu ya kipimo hicho hicho.

Umoja ni nguvu.